Naomba ushauri: kujikinga na tornado katika nyumba isiyo na chumba cha chini ya ardhi

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu maandalizi ya tornado (nguzo ya upepo mkali unaozunguka, inayoshuka kutoka mawinguni hadi ardhini) kwa familia inayoishi katika nyumba isiyo na ghorofa wala chumba cha chini ya ardhi, pamoja na mzee anayetembea kwa mkongojo.

Ninafahamu kwamba tornado kali huzaliwa mara nyingi katika mawingu makubwa ya radi ambayo yenyewe yanazunguka, na kwamba kipimo cha EF, chenye madaraja ya 0 hadi 5, hukadiria kasi ya upepo kutokana na uharibifu ulioachwa. Daraja la 5 huzidi kilomita 320 kwa saa. Ninajua pia kwamba kufungua madirisha ili kusawazisha mgandamizo wa hewa ndani na nje hakusaidii, ingawa wapo watu wazima na busara zao wanaoendelea kusisitiza kwamba kunasaidia.

Kinachonitatiza ni mahali pa kujihifadhi. Inashauriwa kuchagua chumba kidogo cha katikati, kisicho na dirisha, lakini bafu letu dogo lina ukuta mmoja wa nje, na ukumbi mwembamba, ulio katikati kabisa, una mlango wa kioo mwishoni. Je, ninyi mngechagua kipi? Godoro la kujifunika na kofia ngumu niwe nimeviweka humo tangu mapema? Na kwa kuwa tahadhari huweza kutangulia kwa dakika chache tu, tena usiku, mnamwamshaje mzee na kumfikisha huko bila kumwangusha? Nitashukuru zaidi kusikia kutoka kwa waliowahi kulifanyia mazoezi jambo hili nyumbani.