Mama mdogo yuko kwenye uangalizi wa Marburg Biharamulo, namsaidiaje kwa simu?

BintiMwanza
Wakuu, naombeni ushauri. Tangu Rais Samia atangaze Januari 20, 2025 kuwa Marburg, ule ugonjwa hatari wa virusi, imethibitishwa Biharamulo kule Kagera, sina amani. Mama mdogo alimuuguza jirani aliyefariki, sasa anafuatiliwa afya kwa siku 21. Homa hana. Ila usingizi haupati, chakula hagusi, na wateja wake wa maharage wamemkimbia. Marehemu alizikwa na watu wa afya, matanga hayakuwepo. Nadhani hilo ndilo linalomtafuna zaidi. Nikipiga anajibu "mie mzima" kisha anakata. Nifanyeje nikiwa huku?

NesiMstaafu
Pole mwanangu. Usimwambie "usiwaze", utamfunga mdomo. Muulize vitu vidogo: jana umelala saa ngapi, leo umekula nini? Halafu nyamaza umsikilize. Mpigie kila jioni saa ileile, hata kama hana la kusema, ajue kuna mtu wa kumtegemea.

MamaWawili
Dada, anapokea akiwa na nani? Mwaka 2023 Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini, simu ya wifi yangu ilikuwa inakaa kwa mumewe, laudi spika juu. Angesema nini? Tukakubaliana abipu akiwa shambani, mimi nampigia. Huko ndiko alikolia. Kitochi kinatosha, mambo ya magrupu ya WhatsApp achana nayo. Na tuma hela ya sabuni na chumvi, maana biashara ikifa mawazo yanazidi.

Mhudumu_Kijijini
Hapo kwa wateja, mpigie mwenyekiti wa kitongoji. Marburg inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na asiye na dalili haambukizi. Mhudumu wa afya anayempima joto aliseme hilo mbele ya majirani, wewe wa mbali hawatakusikia. Homa ikianza, atoe taarifa mara moja, namba ya simu ya Wizara ya Afya, 199, ni bure.

BintiMwanza
Asanteni sana. Mwenyekiti nampigia leo. Ila nikimtajia marehemu si nitamuumiza?

NesiMstaafu
Anamuwaza tayari, mwache alie. Akisema afadhali afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usikate simu mpaka jirani anayemwamini afike. Siku 21 zikiisha salama, kaeni kama ukoo mpange dua au misa ya marehemu, naye awepo.