Kando ya Barabara ya Lamu mjini Malindi si mali ya mikahawa

Ndugu zangu wa Malindi, pamoja na wageni wetu, nafungua uzi huu kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Msimu wa wageni ukianza tu, kando za Barabara ya Lamu hugeuzwa mali ya watu binafsi. Mwenye mkahawa hupanga mawe yaliyopakwa chokaa, mwenye duka huweka vyungu vya maua, mwingine hufunga mnyororo baina ya vigingi viwili, kisha mlinzi husimamishwa hapo na firimbi ili amfukuze kila asiyekuja kula wala kununua kwao. Ile ni hifadhi ya barabara, na hakuna hata mmoja wao aliyeinunua.

Juzi nilipanda tuktuk na shangazi yangu, mtu mzima anayetembea kwa mkongojo, tukitaka kumshusha mbele ya duka la dawa. Mlinzi wa mkahawa wa jirani alituzuia, akaligonga paa la tuktuk kwa rungu na kudai kwamba nafasi hiyo imewekewa wateja. Nafasi yenyewe ilikuwa tupu! Dereva akalazimika kusonga mbele na kutushusha ng'ambo ya pili, na shangazi akavuka kati ya bodaboda zinazopita kwa kasi, mimi nimemshika mkono huku nikiwapungia madereva wasimame. Aliyempa mlinzi yule amri hiyo ajitokeze aeleze ameipata wapi haki ya kumzuia mgonjwa asishuke kando ya njia ya umma.

Barabara hii si ya matembezi ya jioni pekee. Ndiyo wanayopita wasafiri wa Mambrui, Gongoni na Garsen, hadi wale wanaoelekea Mokowe ili wavuke kwenda Lamu. Gari moja likiegeshwa nusu juu ya lami kwa sababu kando imezibwa kwa mawe, mabasi hulazimika kuingia upande wa magari yanayokuja, tuktuk nazo hupenya kushoto, na waendao kwa miguu, wakiwamo watoto wa shule, hukosa kabisa pa kukanyaga.

Nanyi mnaokuja na magari yenu kutoka Nairobi na Mombasa, lawama hii inawahusu pia, kwa kuwa mkiitwa na mlinzi mwegeshe juu ya njia ya miguu mnakubali, mnampa chochote na kuingia ndani kula. Msikubali. Mkitoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, mkishafika uwanja wa ndege jueni mmeingia mjini, ambako kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Punguzeni, maana baiskeli ni nyingi na usiku baadhi yake hazina taa. Gari liacheni ndani ya hoteli mliyofikia, mpande tuktuk, na nauli mpatane kabla ya kuketi. Mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, msiingie na gari pana, hasa Ijumaa adhuhuri watu wanapokwenda msikitini, kwa sababu njia za mji wa kale ni nyembamba na gari moja likikwama huwafungia wote. Na tuktuk anaposimama ghafla mbele yenu kuchukua abiria, kosa ni lake, nalo nalilaani vilevile, lakini mara nyingi husimama katikati kwa sababu pale pembeni amekwisha kufukuzwa na mlinzi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka usimamizi wa trafiki na maegesho mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mwenye mkahawa hana mamlaka ya kumgawia mtu nafasi wala kumnyima, na anayetaka maegesho ya wateja wake ayatenge ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Ninachodai ni mawe, vyungu na minyororo hiyo viondolewe kabla ya Desemba, michoro ya maegesho ipakwe mahali panaporuhusiwa, patengwe pa kushushia wagonjwa karibu na maduka ya dawa, na atakayerudisha mawe yake usiku afikishwe mahakamani.