Tozo ya Daraja la Kigamboni ifutwe, lakini mstaafu asiachiwe hasara

MLETA MADA

Wakuu, salaam.

Tozo ya Daraja la Nyerere pale Kigamboni, Dar es Salaam, hurudi mezani kila msimu wa bajeti na kila msimu wa kampeni, na kila ikirudi tunaijadili nusunusu. Wapo wanaosema futeni leo. Wapo wanaosema mkataba ni mkataba. Katikati wamesahauliwa watu ambao hela yao ndiyo iliyosimamisha zile nguzo, yaani wafanyakazi wanaokatwa mishahara kila mwezi kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kwa asiyefuatilia: daraja lina urefu wa mita 680 na njia sita, linaunganisha Kurasini na Kigamboni, na Rais Magufuli alilizindua Aprili 2016. Gharama yake ilizidi shilingi bilioni 200, NSSF ikibeba asilimia 60 na serikali asilimia 40. Mfuko ukaruhusiwa kutoza vyombo vya moto ili hela ya wanachama irudi na faida yake. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2022 serikali ikashusha viwango.

Mwaka huohuo likafunguliwa Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushee, linalopita juu ya bahari kuelekea Masaki. Hilo limejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, na mkopo huo unalipwa na walipa kodi wote, wa Kigamboni wakiwemo. Anayekwenda Masaki anapita bila kusimamishwa. Anayekwenda Kibada, huku Kigamboni, anasimama dirishani kutoa hela. Sijawahi kusikia kiongozi akieleza kwa nini iwe hivyo, zaidi ya kusema kwamba fedha zilitoka mifuko tofauti. Lakini mwananchi hakuulizwa daraja lake lijengwe kwa mfuko upi.

Msimamo wangu ni kwamba tozo iondoke, ila serikali iilipe NSSF kwanza, kwa hesabu zinazowekwa hadharani. Kuifuta kwa tamko la jukwaani kutamhamishia mstaafu mzigo wa mwenye gari. Karibuni.

MWANACHAMA WA NSSF

Mleta mada, nashukuru umetutaja, maana kwenye mijadala hii huwa hatumo. Mimi napinga kufutwa, na nitasema wazi kwa nini.

Ile si hela ya serikali. Ni akiba ya walinzi, wahudumu wa hoteli, watu wa viwandani. Wengi wao hawana gari, na hawataendesha gari juu ya daraja lile maisha yao yote. Halafu mwenye gari anasema tozo inamuumiza, iondolewe! Nani basi amlipe yule mlinzi? Wafanyakazi wametoka kwenye vita ya kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, na mwaka 2022 wakaambiwa mkupuo wa kustaafu ni asilimia 33 ili mifuko isitetereke. Huwezi kumwambia mtu apokee kidogo mfuko upone, kisha mfuko huohuo uuondolee mapato kwa sababu kura zinakaribia.

Na Kigamboni hiyohiyo kuna mji wa Dege, majengo ya mfuko na mbia wake yaliyosimama miaka mingi bila kukamilika. Daraja angalau linaingiza kitu. Msitunyang'anye na hicho.

MKAZI WA KIBADA

Ndugu yangu mwanachama, nakuelewa, lakini usiseme tozo inalipwa na mwenye gari tu. Bajaji ikilipa, abiria ndiye amelipa. Lori la saruji likilipa, mfuko wa saruji unafika kwetu na bei yake. Huyo mlinzi unayemtetea kuna uwezekano mkubwa amepanga chumba Tungi au Mji Mwema kwa sababu mjini kodi imemshinda. Mtu huyohuyo mnamkata kwenye mshahara, kisha mnamkata kwenye nauli.

Mnatuambia tuna njia mbadala. Njia zenyewe ni mbili. Kivuko cha Magogoni, ambako MV Magogoni ilipelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa matengenezo na watu wakabaki kubanana kwenye vilivyosalia. Au kuzunguka Kongowe na kupenya Mbagala, mafuta na foleni juu yako. Njia mbadala isiyotegemewa huwezi kuihesabu kama hiari.

Nikumbushe na hili, maana wengi ni wageni. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita, mpango ukafa. Hivi ukizuia watu kujenga, magari ya kuvuka daraja yatatoka wapi? Kwa hiyo mapato yakiwa madogo kuliko yaliyotarajiwa, msimtazame mkazi kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu hesabu.

MHANDISI, UPANDE WA MIKATABA

Naomba niongeze la kitaalamu bila kuwachosha, kwa kuwa mkazi amegusa penyewe.

Mradi wa daraja kubwa una hatari za aina nyingi, na kazi ya kwanza ya mkataba ni kuandika kila hatari inabebwa na nani. Udongo chini ya maji unaweza kuwa tofauti na ulivyoonekana wakati wa uchunguzi, nguzo ikalazimika kushuka zaidi. Chuma kinaweza kupanda bei, shilingi ikashuka. Hizi zinaumiza, lakini daraja likikabidhiwa zimekwisha. Zinazobaki miongo kadhaa ni mbili: magari kuja machache kuliko makisio, na serikali kubadili masharti katikati ya safari.

Kanuni tunayofundishwa ni kwamba hatari apewe yule mwenye uwezo wa kuipunguza. Sasa tazameni Kigamboni. Idadi ya magari inategemea barabara za kuunganisha, mipango miji, huduma ya kivuko na viwango vya tozo. Vyote vinne viko chini ya serikali. Daraja lilipofunguliwa, barabara ya kuliunganisha na Kibada ilikuwa bado haijakamilika. Njia sita za daraja zilikuwa zinamwaga magari kwenye vumbi. Hatari ya magari machache ikaangukia mfuko wa wafanyakazi, ambao hauwezi kujenga hata mita moja ya lami. Kisha 2022 viwango vikashushwa. Kuvishusha ilikuwa haki kwa wananchi, ila katika lugha ya mikataba ile ndiyo hatari ya kisiasa yenyewe, na imetua palepale.

Kuna mfano wa Uskoti unaofanana sana na wetu. Daraja la kwenda kisiwa cha Skye lilifunguliwa mwaka 1995 kwa fedha za wawekezaji binafsi na tozo kali, na kivuko kikaondolewa. Wakazi walikataa kulipa, wengi wakashtakiwa na kutiwa hatiani. Mwisho, Desemba 2004, serikali ya Uskoti ililinunua daraja kwa takriban pauni milioni 27 na tozo ikafa siku hiyohiyo. Hawakumwambia mwekezaji avumilie hasara, na hawakumwambia mkazi aendelee kulipa. Ila ilichukua miaka tisa ya ugomvi, na ugomvi huo ungeepukika kama wakazi wangesikilizwa kabla ya saini.

MCHANGIAJI MWINGINE

Mnasahau wawekezaji. Serikali inatafuta watu wa kujenga barabara ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze. Ukifuta tozo Kigamboni, nani ataamini kwamba ya Kibaha haitafutwa? Tutabaki kukopa kwa kila kitu.

MLETA MADA

Mkuu, mwekezaji anaogopa serikali inayobadili masharti bila kulipa. Serikali inayolipa fidia kamili haimtishi, tena inampa imani. Na tofauti nyingine: ya Kibaha inapangwa huku barabara ya zamani ikiendelea kupitika bure. Mkazi wa Kibada ametuonyesha hapo juu hali ya njia zake mbadala.

Kwa mwanachama wa NSSF, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nasema ilipwe kwanza. Utauliza serikali itatoa wapi. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za serikali yenyewe na likazinduliwa Juni 2025. Nchi iliyoweza hilo haishindwi kununua asilimia 60 ya daraja la mita 680, ambalo sehemu ya gharama yake tayari imesharudi kwa tozo za tangu 2016. Na ikiwa fedha taslimu ni ngumu, mwaka 2021 serikali ilipunguza deni lake kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa kutoa hatifungani maalumu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye, ya zaidi ya shilingi trilioni mbili. Njia hiyo inajulikana Hazina.

Ninachotaka kabla ya yote ni karatasi moja tu hadharani: mfuko uliweka kiasi gani, umekusanya kiasi gani kila mwaka, umetumia kiasi gani kuliendesha na kulitunza daraja, na bado unadai nini. Bila karatasi hiyo hakuna mbunge anayeweza kusimama na kusema deni limekwisha au halijaisha.

MWANACHAMA WA NSSF

Karatasi hiyo nami naitaka, tena kwa uchungu kuliko mtu mwingine hapa. Hatifungani sina imani nayo sana, kwa sababu anayestaafu mwakani hali karatasi. Mkiweka kwamba tozo inakoma siku ambayo malipo ya mwisho yameingia kwenye akaunti ya mfuko, na si siku ya tangazo, nitaunga mkono.

MKAZI WA KIBADA

Na utunzaji je? Waya za taa, rangi ya vyuma, viungo vya daraja, vyote vinataka hela kila mwaka, na chumvi ya mkondo ule haina mchezo. Kwenye kila lita ya mafuta tunakatwa tozo ya Mfuko wa Barabara, sisi wa Kigamboni kama watu wengine wote. Daraja likirudi serikalini, liingizwe huko tangu siku ya kwanza, kwa maandishi. Nataka lipitike bure, na nataka litutoshe na wajukuu.

MHANDISI, UPANDE WA MIKATABA

Kwa maandishi, na liwe na kifungu chake kwenye bajeti. Ukaguzi wa daraja ni wa kwanza kukatwa hela zinapopungua, kwa kuwa mwaka ambao haujakagua huoni tofauti yoyote ukipita juu.