Askari polisi akionewa na bosi wake, akalalamike wapi? Naandika nikiwa Kigoma, nimechoka

Wakuu, mimi ni mke wa askari polisi wa cheo cha chini, tunaishi kota mkoani Kigoma. Kituo sikitaji wala wilaya siitaji, maana atakayeumia ni mume wangu. Lakini nimechoka kusoma watu wakiwatukana polisi kila siku bila mtu kuuliza huyo askari huko kazini anaishije.

Juzi kati mtoto wetu kaamka usiku na homa kali, anatapika, mwili unamtetemeka. Baba yake alikuwa lindo. Nikampigia, akaomba ruhusa ya muda mfupi tu anifikishe kituo cha afya. Mkubwa wake akamjibu mbele ya raia waliokuwa kaunta: "Mtoto si ana mama yake?" Nikahangaika na bodaboda mwenyewe. Asubuhi akatukuta wodini, bado amevaa buti, akakaa chini kwenye sakafu akalia. Ilikuwa malaria.

Msije mkasema ni bahati mbaya ya siku moja. Likizo anaomba, barua inalala mezani mpaka mwaka unakwisha. Rimu za karatasi za kuandikia maelezo wanachangishana askari wenyewe. Koti la mvua kanunua kwa mshahara wake, na mvua za huku mnazijua. Alipohamishiwa huku tulisafirisha vyombo kwa mkopo. Mkopo tunalipa, pesa ya uhamisho kila akiuliza anaambiwa "inashughulikiwa".

Wakubwa wakipiga simu usiku anasimama wima pale kwenye chumba chetu tulichokigawa kwa pazia, yuko na bukta na singlendi, "ndiyo afande, ndiyo afande." Anatukanwa mpaka mama yake mzazi, na simu ile sauti iko juu, mimi na watoto tunasikia kila neno.

Mtaniambia hiyo ndiyo nidhamu ya jeshi. Nidhamu naijua. Barabara za Kasulu na Kibondo kuna miaka basi halikuondoka bila askari wenye silaha ndani yake, na walipanda wakijua majambazi wako mbele. Askari wa namna hiyo anatii amri bila kutukaniwa mama.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote: hana pa kusemea. Mwalimu wa shule ya hapa jirani akionewa ana chama chake, CWT. Nesi aliyemhudumia mwanangu ana TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Mfanyakazi wa dukani anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Askari polisi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 2, imemtoa karibu kabisa, yeye na wenzake wa JWTZ (Jeshi la Wananchi), Magereza na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Chama cha wafanyakazi hana. Akilalamika, malalamiko yanapita kwa yule yule anayemlalamikia, na akisema kwa sauti anafunguliwa mashtaka ya kijeshi au anahamishwa ghafla. Ndiyo maana naandika mimi na si yeye.

Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilikabidhi ripoti kwa Rais mwaka 2023, ikashauri Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya. Tulishangilia hapa kota. Kwenye kituo cha mume wangu sijaona kilichobadilika.

Na wale wa "mbona wanakula rushwa": anayekula rushwa afukuzwe, afungwe, simtetei hata kidogo. Ila yule aliyetukanwa paredi asubuhi ndiye unayemkuta kaunta ukienda kuripoti kuwa mumeo kakupiga. Jirani yangu mmoja alikwenda na jicho limevimba, akafokewa kama yeye ndiye mhalifu. Nilimjua askari aliyemfokea, na nilijua alichofanyiwa siku ile. Bado alimkosea yule mama. Wote wawili wameonewa na hakuna aliyeulizwa.

Ninachotaka kwa wenye mamlaka ni dawati la malalamiko ya askari lisiloripoti kwa OCS (mkuu wa kituo) wala OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wake, na ombi la likizo au dharura likikataliwa likataliwe kwa maandishi, na jina la aliyekataa liwepo.

Wake na waume wa askari mlioko Tabora, Katavi, Geita na kwingine: kwenu mtoto akiugua usiku, ruhusa inatolewa? Na kuna yeyote ambaye malalamiko yake yaliwahi kumgusa mkubwa badala ya kumrudia yeye? Semeni bila kutaja vituo.