Mmea una kloroplasti, sasa mitokondria ni za nini?

MamaKevo_Umoja
Wadau nisaidieni. Kijana wangu yuko Fomu Tatu, kwa mtihani wa katikati ya muhula aliandika ati mnyama anapata nguvu kwa mitokondria na mmea unapata kwa kloroplasti, akakatwa maksi zote na hakuna mtu alimweleza mbona. Mimi pia ndivyo nakumbuka. Jana usiku tulikuwa kwa balkoni nikimwagilia sukuma yangu ya gunia akaniuliza, "mathe, saa hii hakuna jua, hii inakula nini?" Nikakosa jibu na imenikaa kwa roho.

mwalimu_bayo
Mama Kevo mwambie asivunjike moyo, hilo kosa naliona kila mwaka. Mmea una zote mbili, ni vyumba vidogo ndani ya seli zake. Kloroplasti inaunda sukari, mitokondria inaichoma. Ni kweli kloroplasti inatengeneza ATP, ile molekuli inabeba nguvu ya seli, jua likiwaka lakini nyingi inatumika humo humo kugeuza kaboni dioksidi iwe sukari. Sasa fikiria mzizi, uko ndani ya mchanga, hauna kloroplasti hata moja, unaletewa sukari kutoka kwa majani na mitokondria zake zinaichoma kwa oksijeni usiku na mchana. Ndio maana ukimwaga maji kwa gunia hadi yatuame sukuma inanyauka na iko kwa maji, mizizi imekosa hewa. Na usiku jani linavunja wanga liliyoweka mchana.

Akitaka kuona kwa macho: chukua maharagwe yameanza kuota, yaoshe na jik kidogo yenye maji mengi ndio bakteria wasilete joto lao, suuza, weka kwa themosi, chomeka kipimajoto, ziba na pamba. Themosi ya pili weka yaliyochemshwa yakapoa, nayo uyaoshe hivyo hivyo. Ngoja siku tatu, halafu alinganishe joto la themosi zote mbili.

biokem_kampo
Naongezea venye hiyo ATP inatokea ju hapo ndipo pananibamba. Glukosi, yaani hiyo sukari, inakatwa kwanza nje ya mitokondria, kwa saitoplazimu, faida ni ATP 2 pekee. Vipande vinaingia ndani, kwa ule mzunguko Hans Krebs alieleza 1937, kaboni inatoka kama ile hewa tunapumua nje, na elektroni zinachukuliwa zinapitishwa protini hadi protini kwa utando wa ndani, na zikipita protoni (chembe ndogo zenye chaji chanya) zinasukumwa ng'ambo, mwisho kabisa oksijeni inapokea hizo elektroni inakuwa maji. Protoni zimejaa upande mmoja kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa la Masinga. Zikirudi zinapitia enzaimu inaitwa ATP sinthesi, na hiyo kitu inazunguka kweli kweli, kama tabo za stima kule mto Tana, kila mzunguko unatoa ATP kama 3.

Peter Mitchell alileta hii wazo ya protoni 1961 na wengi wakaikataa, akapewa Nobel 1978. Kloroplasti inatumia mashine ya aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba kinachosukuma ni mwanga na elektroni zinatolewa kwa maji, ndio oksijeni inabaki. Mwaka wa 1966 Jagendorf na Uribe walichukua utando wa kloroplasti wakauloweka kwa asidi, halafu ghafla wakautia kwa alikali, gizani kabisa, na ATP ikatokea! Bila jua. Protoni peke yake zilitosha.

Kuhusu hesabu, vitabu vingi vya shule vinasema ATP 38 kwa glukosi moja. Kwa mtihani aandike ya kitabu chake, lakini ajue siku hizi inahesabiwa kama 30 hadi 32.

shamba_Kitui
Hiyo hatua ya mwisho ya oksijeni ndio sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, inaziba. Mtu anapumua vizuri, oksijeni iko kwa damu, na seli haiwezi kuitumia. Muhogo uandaliwe vizuri jameni.

MamaKevo_Umoja
Asanteni sana. Tuliweka maharagwe ya wairimu kwa themosi mbili. Leo siku ya tatu, yaliyochemshwa yako digrii 22, yanayoota yako 29, Kevo amepima mara nne akidhani kipimajoto kimeharibika. Sasa anauliza, kama nguvu imewekwa kwa ATP, hilo joto nalo limetoka wapi?

biokem_kampo
Swali zuri sana hilo. Si nguvu yote inashikwa kwa ATP. Zaidi ya nusu ya nguvu ya sukari inatoka kama joto njiani, hata kwa mwili wake. Ashike shingo yake sasa hivi.