Kumdolesha mvuvi aliyekesha ziwani, ndiyo mnaita ridhaa?

Wakuu, hii tabia ya watu wa tafiti za afya huku mialoni imezidi. Gari la mradi linafika saa moja asubuhi, dagaa ndio kwanza wanaanikwa, jamaa wamekesha kwenye taa, macho mekundu. Mhojaji anasoma fomu ya kurasa nane mbio mbio, kisha pedi ya wino: weka dole gumba hapa. Mshiriki kapatikana!

Kwa asiyejua kusoma, lazima awepo shahidi asiyelipwa na mradi, akae toka maelezo yanaanza hadi yanaisha, naye asaini na kuandika tarehe. Huku shahidi ni dereva wa mradi. Au mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ziwa), anayesimamia mwalo mzima, nani atamkatalia? Barua ya mwenyekiti inawaruhusu watafiti kuingia kambini tu. Kutoboa kidole cha mtu ni ruhusa ya mwenye kidole.

Kinachokera zaidi, hakuna anayepima kama mtu kaelewa. Ukiuliza "umeelewa?" utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Mwambie aeleze kwa maneno yake: mnatafuta nini? Akikataa, zahanati itaendelea kumtibu? Akitaka kutoka wiki ijayo, anafanyaje? Kwa nini mwenzake anaweza kupata dawa na yeye kidonge kisicho na dawa, na nani anachagua? Hapo ndipo wengi wanakwama, maana wakiona koti jeupe wanajua ni matibabu. Akikosea, rudia. Akikosea tena, usimsajili. Na kule Ukerewe, bibi anayeongea Kikerewe unamsomea Kiswahili cha semina ili iweje?

Mgonjwa wa akili au mzee aliyeanza kusahau ndio kabisa, mhojaji anamruka, anaenda moja kwa moja kwa ndugu. Uwezo wa kuamua unapimwa kwa jambo lile lile, siku ile ile. Waingereza kwenye sheria yao ya 2005 wanaangalia mambo manne: anaelewa, anakumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, anapima faida na hasara, anaweza kueleza alichoamua. Akishindwa, ndugu anaweza kuridhia, lakini mhusika akivuta mkono sindano ikija, basi. Azimio la Helsinki, kanuni za madaktari duniani za maadili ya kutafiti binadamu, linasema kukataa kwake kuheshimiwe.

Nauli nayo mnaifungia hadi ziara ya mwisho, mtu anabaki kwa njaa. Lipeni kila ziara. Kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye kuwe na sahihi yake peke yake.

Halafu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwa mkubwa. Siku hizo wapo, wamelala vya kutosha. Pangeni ratiba kwa mwezi, ripoti ya mfadhili itasubiri.

Mliosajiliwa, nakala moja ya fomu ni yenu. Tafuteni namba ya kibali na simu ya kamati ya maadili. Ya taifa iko NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inapokea malalamiko. Fomu isiyo na namba hizo, funika jina lako, piga picha, tupia hapa.