Data ya Lamu, kazi za nani? Mradi wa utafiti ulazimishwe kuajiri mtu wa hapa, au uachiwe hiari?

Binti Langoni (mleta mada)

Asalaam aleikum wana wa Amu, na nyinyi jirani zetu wa Malindi. Nina jambo limenikaa rohoni tangu kusi iliyopita, leo nataka tulijadili waziwazi.

Nilifanya kazi miezi mitatu katika mradi mmoja wa utafiti wa mikoko. Kazi yangu ilikuwa kuingia mikokoni maji yakitoka, kupima unene wa miti na kujaza fomu kwenye simu. Jioni tukifika Mokowe, gati la upande wa bara, nazituma zote. Pale ilipoishia kazi yangu ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Alihitajika mtu wa kusaka makosa, kwa mfano mti wa sentimita 9 ulioandikwa 90. Alihitajika mtu wa kulinganisha vipimo vyetu na picha za setelaiti, wa kuandika programu ya kukadiria kaboni iliyohifadhiwa na miti, wa kuiendesha programu hiyo kwenye kompyuta kubwa ya chuo, na wa kuipanga data yote ili mtu mwingine aweze kuisoma miaka kumi baadaye. Kazi tano. Hakuna hata moja iliyofanywa na mtu wa Lamu. Nilipoomba nakala ya data niliyoikusanya kwa miguu yangu, sikujibiwa mpaka leo.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Tuna hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979, mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na bandari ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Watafiti hawakatiki hapa, wala sina neno nao. Neno langu ni kwamba tumefanywa watu wa kuchota maji tu, mtungi unajazwa kwingine.

Leseni ya utafiti nchini hutolewa na NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Nataka sharti moja liongezwe: mradi unaokusanya data Lamu uajiri mtu wa data wa hapa kwa muda wote wa mradi, umfundishe, na uache nakala. Nimesema mtu wa data. Mbeba vifaa tumeshakuwa.

Mwalimu wa Ngomeni

Dada, nakuunga mkono, na ushahidi wangu uko baharini. Nafundisha fizikia sekondari, na kwetu ndipo penye kituo cha Waitaliano cha San Marco, majukwaa yake yanaonekana kutoka ufuoni. Kati ya 1967 na 1988 setelaiti tisa zilirushwa pale. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kutazama eksirei zinazotoka angani. Orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Huwa nawaeleza wanafunzi wangu hadithi hiyo na macho yao yanang'aa. Halafu mmoja huuliza: data yenyewe ilichambuliwa wapi? Marekani. Mwaka 1970 hatukuwa na kompyuta za kutosha wala watu waliosomea kazi hiyo, nalielewa hilo. Lakini leo mtoto wa Ngomeni mwenye kompyuta ya mkononi na intaneti anaweza kuingia kwenye mashine iliyoko Cape Town akafanya hesabu zilezile. Sababu ya 1970 imekwisha.

Mtu wa Data, Kilifi

Mimi mzaliwa wa Malindi, nimekula mkate wangu kwenye data za afya kwa miaka kadhaa, na sharti hili nalipinga. Naomba mnisikilize kabla ya kunitupia mawe.

Kwanza tuulizane kazi hizi zinatoka wapi. Mpango wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfadhili wa Uingereza, ulianza Kilifi mwaka 1989, na tangu 2000 umekuwa ukifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa zaidi ya watu robo milioni wanaoizunguka hospitali ya Kilifi. Data ya aina hiyo hailali. Leo mtu amehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kesho amezaa, keshokutwa amelazwa, na rekodi zote lazima zikutane kwa mtu yuleyule bila kuchanganywa na jirani mwenye jina kama lake. Ndiyo maana wanahitajika wasimamizi wa hifadhidata, waandishi wa programu na watakwimu, mwaka hadi mwaka. Kilichozaa ajira zile ni kukaa. Mradi wa miezi mitatu hauwezi kumlea mtaalamu hata ukiulazimisha kwa leseni, utakupa cheti na fulana.

Pili, mnajua ni nani anayeomba leseni nyingi? Ni wanafunzi. Kijana wa shahada ya pili, pengine Mkenya, ana fedha ya basi, chakula na karatasi. Ukimwambia aajiri, atahamia Kwale au atavuka Pemba. Mikoko ipo huko pia.

Na la tatu ndilo zito zaidi: nani ataamua yupi ni "mtu wa hapa"? Tunajua majina yanavyopita mlango wa nyuma.

Mimi ningesema tuwafundishe vijana, washindane. Pwani University inafundisha bioinfomatiki, yaani kuchambua data za viumbe kwa kompyuta, pale Kilifi. Mtandao wa H3ABioNet ulianza mwaka 2012 kwa sababu Afrika ilikuwa inakusanya data za vinasaba bila watu wa kutosha wa kuzichambua, na umewafundisha watu wengi katika nchi nyingi. Waliofunzwa vizuri hawakuhitaji kulazimishiwa kwa mtu.

Binti Langoni

Kaka, la wanafunzi umenishinda, nalikubali. Sharti lisimguse mwanafunzi. Liguse miradi yenye ufadhili mkubwa, ile inayokuja na boti yake na gari lake.

La kushindana silikubali. Kushindana na nani, kwa kipi? Tangazo la kazi husema "uzoefu wa miaka mitatu wa kusimamia data za utafiti". Uzoefu huo kijana wa Faza ataupata wapi ikiwa kila mradi unaofika Faza unampa daftari na buti tu? Wewe umeupata kwa sababu mradi ulikaa mlangoni pako. Sisi hatukupata mlango huo.

Tena hiki si kitu kigeni katika sheria. Mkataba wa Nagoya ulianza kutumika Oktoba 2014 na Kenya ni mwanachama. Unasema anayechukua rasilimali za kijenetiki agawane manufaa na nchi zilikotoka. Ikiwa jani la mkoko lina haki hiyo, kwa nini data ya mkoko isiwe nayo?

Fundi wa Mkomani

Naona mtu ataanza kusema tujengewe kituo cha kompyuta kubwa hapa. Mimi ni fundi wa mitandao, hebu niliseme mapema: tusidai hicho. Hewa ya chumvi inakula chuma. Nimefungua ruta za miaka miwili ndani zimeota kutu kama nanga. Mashine kama Frontier ya Marekani, iliyovuka eksaflopu, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, hula umeme wa megawati 20 na zaidi, na umeme mwingine wa kuipooza. Mji huu mpaka juzi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, kabla ya laini ya Rabai, Malindi, Garsen mpaka Lamu.

Wala hatuihitaji hapa. Kompyuta ya utafiti ni mamia ya kompyuta zilizounganishwa, na humo ndani kuna programu ya foleni. Unaandika kazi yako, unataja unahitaji kumbukumbu kiasi gani ya kompyuta na muda wa saa ngapi, unaituma, unasubiri zamu. Anayeituma anaweza kuwa popote. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanayo Nairobi. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini ulioanza 1999, unaviunganisha vyuo hivi na vyuo vya nje. Kinachohitajika Lamu ni laini isiyokatika, chumba chenye kivuli, na watu wanaoijua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu mashine zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia hiyo tangu 2017. Ni ya bure. Kijana anaweza kuanza leo kwenye kompyuta kuukuu.

Kuhusu sharti, mimi niko katikati bado.

Maalim

Nimesoma yote, na mimi si mtu wa kompyuta. Lakini naona mnazungumza mikoko na damu tu, mmezisahau khati, maandishi yetu ya kale ya mkono.

Hati za msikiti wa Riyadha hapa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini. Mpango ule una masharti yake: hati asilia haziruhusiwi kutoka nchini, na nakala za picha lazima ziachwe nchini. Basi kaka wa Kilifi, sharti la kuacha nakala si kuwafukuza watu. Walilikubali wao wenyewe, wakaja, kazi ikafanyika.

Na tuone faida yake. Oktoba 2023 maktaba ile ya London ilivamiwa na wezi wa mitandaoni, huduma zake nyingi za mtandaoni zikalala kwa miezi. Taasisi kubwa kama ile! Nakala iliyoko karibu nawe ndiyo unayoifungua siku hiyo.

Nina jingine. Picha ya ukurasa haijisemi. Lazima aweko mtu wa kuandika hiki ni kitabu gani, nani alikinakili, mwaka gani wa hijria, na haya yaliyoandikwa pambizoni ni Kiarabu au ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi nina vijana wanne wanaosoma khati hizo bila kusitasita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba kusoma pambizo ni kazi ya data. Wao wanadhani kazi ya kompyuta ni ya waliofaulu hesabu.

Binti Langoni

Maalim, Mungu akuweke. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta nikashindwa kulisema. Kule Uingereza wale walioandika programu za watafiti vyuoni walikaa miaka bila cheo, hawakuwa wahadhiri wala mafundi wa ofisi. Mwaka 2012 ndipo walipokutana wakajipa jina, wahandisi wa programu za utafiti, na baada ya hapo vyuo vikaanza kutangaza nafasi zenye jina hilo. Vijana wako wanne wana kazi isiyo na jina.

Mama Shela

Samahani wanangu, mimi nina swali la mzazi. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, hesabu si mbaya. Kazi hizi zina mshahara wa kudumu au ni za leo ipo kesho haipo?

Mtu wa Data, Kilifi

Mama, nikufiche? Nyingi ni za mkataba, miaka miwili mitatu, kwa sababu fedha ni za ufadhili. Ufadhili ukiisha, mkataba umeisha. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa miezi minne nyumbani nikisubiri. Faida yake ni kwamba ujuzi unahama nawe: aliyesafisha data za malaria anaweza kusafisha za uvuvi. Aanze na kutunza jedwali vizuri, kisha ajifunze R au Python, lugha za kuandikia programu. Asiache shule kwa ajili ya kozi ya wiki mbili.

Na wewe Binti Langoni, la Maalim limenigusa. Sharti la nakala nalikubali sasa, ila data za wagonjwa zitengwe, sheria ya kulinda data ya 2019 haina mchezo. Sharti la ajira bado silikubali mpaka mniambie nani atachagua. Ofisi ya kaunti? Hapana. Mradi wenyewe? Utamchukua dereva wake ukamwita mtu wa data.

Mwalimu wa Ngomeni

Mtihani wa wazi. Faili moja la data chafu, muda wa saa tatu, mbele ya watu, atakayelisafisha vizuri ndiye. Sisi walimu tuko tayari kuusimamia bila malipo.

Mtu wa Data, Kilifi

Mtihani naweza kuutunga. Bado sijasema ndiyo, lakini mtihani nitautunga.

Binti Langoni

Basi nitaandika rasimu ya sharti la nakala peke yake kwanza, maana hapo tumekubaliana, na la ajira nitaliandika mbali likiwa na mtihani wa Mwalimu ndani yake. Nitaiweka hapa ichambuliwe. Maalim, naomba Jumamosi baada ya alasiri nije na kompyuta yangu tukae na vijana wako, tuanze na kurasa kumi, tuone inachukua muda gani kuuorodhesha ukurasa mmoja. Fundi, diski mbili za terabaiti moja moja zinapatikana mjini, au niagize Mombasa? Nataka moja ikae Mkomani na moja nivuke nayo Mokowe.